Kifaranga Aliyeanguliwa na Kilema: Atupwe au Atunzwe?

Mtu aliyengoja siku 21 mayai yaanguliwe ajua furaha ya kusikia mlio wa kwanza ndani ya ganda. Lakini ajua pia huzuni ya kuhesabu vifaranga asubuhi na kukuta kwamba mmoja hawezi kusimama, mwingine vidole vyake vimekunjwa kama ngumi, na mwingine mdomo wake umekwenda upande. Hapo ndipo huja lile swali ambalo kila mfugaji hujiuliza, aseme asiseme: Je, huyu atupwe, au atunzwe?

Napenda kuwaeleza wasomaji yale yaliyonipata mimi mwenyewe hapa Eldoret, pamoja na yale niliyojifunza baadaye, kwa maana naamini kuwa wengi wetu hukosa pande mbili. Wako wanaomtupa kifaranga ambaye angalipona kwa kipande cha plasta na muda wa robo saa. Tena wako wanaomweka siku nyingi kifaranga asiye na tumaini, wakidhani kwamba kumtazama akiteseka ndiyo huruma. Makosa yote mawili nimeyafanya.

Vifaranga watano katika 31

Mimi ni karani wa serikali, nami hufuga kuku nyuma ya nyumba kama wafanyavyo watu wengi wa mji huu, ambao tangu tarehe 15 Agosti 2024 umepewa heshima ya kuwa jiji. Mke wangu alipata mkopo katika chama chake, tukanunua mashine ndogo ya kuangulia mayai. Tuliweka mayai 48 ya matetea wetu wenyewe. Umeme ulikatika usiku mara mbili, nasi tukaifunika mashine kwa blanketi. Siku ilipotimia walitoka vifaranga 31. Katika hao, 26 walikuwa wazima na watano walikuwa na kasoro.

Wawili miguu yao ilitawanyika, mmoja kwenda kulia na mmoja kwenda kushoto, hata wakalala kifudifudi kama chura aliyekanyagwa. Wa tatu vidole vyake vilikunjwa. Wa nne mdomo wake wa juu ulielekea kushoto kidogo, tukadhani ni uchafu. Wa tano kitovu chake hakikufunga, na sehemu ya kiini cha yai ilikuwa ingali nje ya tumbo.

Mama yangu, ambaye amefuga kuku kabla mimi sijazaliwa, alitazama akasema, "Mwanangu, hao watano watoe leo. Watakula chakula cha wenzao na mwisho watakufa." Binti yangu, ambaye yu Gredi ya Nne, akasema, "Bibi, hata hujawajaribu." Nikasimama katikati ya mama na mtoto, nisijue la kujibu. Mkopo wa chama nao ulikuwa haujalipwa, na kila kifaranga alikuwa na hesabu yake.

Miguu iliyotawanyika

Kilema cha miguu kutawanyika ndicho kinachoonekana mara nyingi, nacho ndicho chepesi kuponywa kikiwahiwa. Kifaranga anapotoka yaini mifupa na mishipa yake ni laini sana. Akisimama mahali panapoteleza, miguu humponyoka, na baada ya siku moja au mbili hukaa vivyo hivyo. Mayai yaliyopata joto lisilofaa, na kifaranga aliyetaabika kutoka, huweza pia kuleta kasoro hiyo.

Dawa yake ni hii. Kata kipande chembamba cha plasta ya kidonda, upana wake kama sentimita 1. Kizungushe mguu mmoja, kisha mguu wa pili, hata miguu iwe chini ya mwili, ikiachana kama sentimita 2 na nusu. Usikaze hata ngozi ikabadilika rangi, wala usilegeze hata miguu ikaponyoka tena. Mwanzoni kifaranga ataanguka mara nyingi. Usihangaike, mweke katika kikombe kidogo kilichotandikwa kitambaa, miguu ikiwa chini yake, apumzike humo kwa muda, kisha mtoe ajaribu tena. Kila siku tazama plasta, kwa maana kifaranga hukua upesi na kile kilichomtosha jana chaweza kumbana leo. Aghalabu siku tatu hadi tano zatosha.

Tena sakafu lazima iwe na mahali pa kushika. Tandika kitambaa chenye nyuzi nyuzi, au gunia safi, au maranda ya mbao yasiyo laini kama unga. Na hapa niseme jambo ambalo mhariri atanisamehe: gazeti hili, ukiisha kulisoma, usilitandike chini ya vifaranga. Karatasi ya gazeti huteleza, na wafugaji wengi wamewalemaza vifaranga wao kwayo wakidhani wanafanya usafi. Mimi ni mmoja wao.

Kosa langu

Kifaranga wa kwanza mwenye kilema hiki alitoka siku ya Alhamisi jioni. Mimi na binti yangu tulimfunga usiku uleule, na plasta ikaisha. Wa pili alitoka Ijumaa alfajiri. Nilimwona, nikajua dawa yake, nikasema, "Nitanunua plasta nikitoka kazini." Ilikuwa mwisho wa mwezi na hesabu za ofisi zilitakiwa, nikarudi usiku, maduka yamefungwa. Jumamosi tulikwenda matangani. Nilimfunga Jumapili mchana.

Yule wa Alhamisi alisimama siku ya nne, na plasta ilipoondolewa alikimbia pamoja na wenzake, hata ikawa shida kumtambua. Yule wa Ijumaa hakusimama. Paja lake lilikuwa limekwisha kujipinda, na kila nilipomfunga, mguu mmoja uligeuka nyuma. Hakuweza kuyafikia maji. Wenzake walimkanyaga na kumdonoa. Nilimweka siku tano kwa sababu niliona haya mbele ya binti yangu, na siku hizo tano hazikumsaidia yeye hata kidogo. Siku ya tano mama yangu alimchukua kwa mkono mwepesi akammaliza kwa dakika moja, bila maneno.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia methali hiyo tangu shule ya msingi, na katika shule ya sekondari ya misheni niliandika insha juu yake nikapewa alama nzuri. Lakini sikuijua maana yake hata siku ile. Tofauti ya vifaranga wale wawili haikuwa ya kilema, wala ya dawa. Ilikuwa ya siku mbili tu.

Vidole vilivyokunjwa, na kuku wa Batavia

Vidole vilivyokunjwa navyo hunyoshwa vivyo hivyo. Kata kipande kidogo cha kadibodi kiasi cha wayo, nyosha vidole juu yake kwa taratibu, kisha vishike kwa plasta juu na chini, ukifanya kama kiatu. Kiache siku mbili, ukitazama asubuhi na jioni. Wa kwetu alivaa viatu hivyo siku mbili akapona.

Lakini asidhani mtu kwamba kiatu ndicho dawa yote. Mara nyingi vidole hukunjika kwa sababu mtetea aliyetaga yai hakupata chakula chenye vitamini B2, iitwayo ribofulavini. Kifaranga akiikosa, mishipa ya fahamu ya miguu yake hudhoofika, hukaa juu ya vifundo vyake, na vidole hujikunja ndani. Akipewa mapema vitamini za kuku, zile za unga ziuzwazo katika maduka ya dawa za mifugo na kutiwa katika maji, aweza kupona. Akichelewa, mishipa ikiisha kuharibika, haponi tena.

Iko pia kasoro ya shingo, ambapo kifaranga huinua kichwa na kukilaza mgongoni kana kwamba atazama nyota. Sababu moja kubwa ya hiyo ni kukosa vitamini B1, yaani thiamini, na kifaranga apewapo vitamini hiyo upesi aweza kupata nafuu kwa muda mfupi.

Wasomaji watapenda kujua kwamba elimu hii ya vitamini, ambayo imewaokoa watu wengi duniani, ilitokana kwa sehemu na kuku vilema. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa akifanya kazi Batavia, mji ambao leo waitwa Jakarta, katika nchi ya Indonesia. Alikuwa akitafuta sababu ya ugonjwa wa beriberi, ambao uliwadhoofisha watu miguu na kuwaua. Kuku wa maabara yake wakapatwa na udhaifu uliofanana nao: wakashindwa kusimama. Kisha wakapona ghafula. Alipochunguza aliona kwamba kuku hao walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya askari. Mpishi mpya alipokuja alikataa kuwapa kuku wa raia wali wa askari, wakarudishiwa mchele usiokobolewa kabisa, nao wakasimama. Kumbe dawa ilikuwa katika lile ganda jembamba linalotupwa. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins. Kama mtu yule angaliwatupa kuku wake siku ya kwanza, asingaliuliza neno lolote.

Mdomo uliopinda na kitovu kilicho wazi

Mdomo uliopinda hauonekani sana siku ya kwanza. Huzidi siku zinavyokwenda. Kwa kawaida haunyoki kwa kufungwa. Lakini kuku mwenye mdomo huo aweza kuishi na kunenepa, akitunzwa kwa akili. Hawezi kudonoa punje moja moja chini, basi apewe chakula kilicholowekwa kidogo, katika bakuli lenye kina, ili achote kwa mdomo kama mtu achotavyo kwa kijiko. Ncha ya mdomo ikirefuka sana hupunguzwa kidogo kidogo kwa tupa ya kucha, bila kufikia mahali penye damu. Jambo kubwa ni kwamba asizalishwe, kwa sababu kilema hiki mara nyingi hurithiwa.

Kitovu kilicho wazi ni jambo la hatari. Kifaranga anapokaribia kutoka, kiini cha yai huingia tumboni mwake kuwa akiba ya chakula. Kiini kikibaki nje, usikivute, usikikate, wala usikisukume ndani. Mtenge kifaranga katika sanduku safi lenye joto, juu ya kitambaa safi chenye unyevu kidogo, upake kitovu dawa ya iodini, na kuwazuia wenzake wasimdonoe. Wengine huponea hapo. Wa kwetu alikufa usiku wa pili, na sikuona kwamba tulikosa lolote.

Maji, chakula na joto

Kifaranga mzima aweza kukaa hata siku mbili bila kula, kwa ajili ya ile akiba ya kiini. Kwa hiyo wengi humwacha kilema vivyo hivyo, wakingoja apate nguvu. Hilo ni kosa, kwani asiyeweza kutembea hawezi kuyafuata maji wala chakula akiba ikiisha. Kila saa chache chovya ncha ya mdomo wake katika maji ya uvuguvugu, naye atakunywa. Usimmiminie maji kinywani, yasije yakaingia mapafuni. Chombo cha maji kiwe kifupi, chenye kokoto safi ndani yake, asizame. Umtenge na kundi, lakini usimwache peke yake kabisa, kwa maana kifaranga wa pekee hulia mpaka akachoka. Mpe mwenzake mmoja mpole.

Tena kuna baridi. Eldoret uko juu ya bahari kadiri ya mita 2,100, na usiku wetu wajulikana. Kifaranga wa juma la kwanza ataka joto la nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi. Kisha hupunguzwa kadiri ya nyuzi 3 kila juma. Asiye na kipimajoto na awatazame vifaranga wenyewe: wakisongamana na kulia, wana baridi, wakitanda mbali na kutweta, joto limezidi. Anayetumia jiko la makaa na awe mwangalifu sana. Jiko katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua vifaranga na watu pia. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa ni salama zaidi kwa kifaranga mmoja au wawili walio sandukuni.

Sababu ni kubwa kuliko dawa

Mama yangu aliposikia habari za vitamini aliniuliza swali moja tu: "Na hao matetea, ulikuwa ukiwalisha nini?" Nikakaa kimya. Nilikuwa nikiwalisha mahindi. Sisi wa Uasin Gishu tuna mahindi kama watu wa pwani walivyo na nazi, nasi hudhani kuku aliyeshiba mahindi hana haja ya kitu kingine. Lakini mahindi peke yake hayana vitamini B2 ya kutosha, na mtetea hawezi kutia ndani ya yai kitu asichokila mwenyewe. Tangu hapo matetea wangu wa mayai ya kuangulia hupewa chakula kamili cha kuku, pamoja na majani mabichi ya sukuma wiki, omena iliyosagwa, na maziwa yaliyoganda kila yanapobaki nyumbani.

Mambo mengine ya kutazamwa ni haya. Mayai ya kuangulia yasikae zaidi ya siku 7 kabla ya kuwekwa. Yawekwe upande wa ncha nene ukiwa juu, au yalazwe, lakini ncha nyembamba isiwe juu. Yageuzwe mara tatu kwa siku au zaidi mpaka siku ya 18, kisha yaachwe. Mashine yenye feni iwe na joto la nyuzi 37.5, ikizidi, hata kwa kadiri ndogo tu kwa siku nyingi, vilema huongezeka. Hapa petu juu, hewa ni nyepesi na mayai hupoteza maji upesi, basi chombo cha maji ndani ya mashine kisikauke. Umeme ukikatika, mashine ifunikwe na isifunguliwe ovyo. Mwisho, jogoo asikae na binti zake na wajukuu zake miaka na miaka. Wazee wetu walibadilishana majogoo na jamaa wa mbali, nao walijua walifanyalo.

Tena tusichanganye mambo. Kifaranga aliyeanguliwa mzima, kisha akiwa na majuma kadhaa akalemaa, akanyosha mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, huenda ana ugonjwa wa Marek, ambao huambukiza na hauna dawa, bali huzuiwa kwa chanjo ya siku ya kwanza. Huyo hafungwi plasta. Atengwe, na afisa wa mifugo aitwe.

Jibu la swali

Basi, atupwe au atunzwe? Mimi sasa hufuata kanuni hii. Siku ya kwanza hutazama kila kifaranga mmoja mmoja, miguu, vidole, mdomo na kitovu, na plasta iko tayari sandukuni kabla mayai hayajapasuka. Anayeweza kusaidiwa husaidiwa saa ileile, si jioni. Kisha nampa siku zake tano. Akila, akinywa na kuongeza nguvu kila siku, naendelea naye hata kama hatakuwa mzuri wa sura. Akidhoofika, hawezi kuyafikia maji wala kusimama, humalizwa upesi na mtu ajuaye kazi hiyo. Kumtupa nje usiku akafa kwa baridi ni ukatili, nao haufai kuitwa njia ya zamani, kwa sababu mama yangu hakufanya hivyo kamwe.

Katika wale watano wetu, watatu waliishi. Yule wa Alhamisi ni mtetea sasa, naye hutaga. Yule wa viatu alikuwa jogoo mkubwa, tukamwuza, na fedha yake ikaingia katika mkopo wa chama. Yule wa mdomo uliopinda bado yupo, ana bakuli lake mwenyewe, na mayai yake twayala sisi, hatuyaangulishi. Binti yangu ndiye anayemlisha kabla ya kwenda shule. Na mama yangu, ajapo kututembelea, huuliza habari zake kwanza, kabla ya kuuliza habari zangu.

Wawili walikufa. Mmoja hakuwa na njia. Mwingine alikuwa nayo, na plasta yake ilikuwa dukani kwa shilingi chache, umbali wa dakika kumi kutoka ofisini kwangu.